Nyama Isivuke Daraja

Lori liliondoka saa saba na robo mchana. Ndani yake mlikuwa na nguruwe sita waliokwisha kupasuliwa, mabata bukini themanini na sita, kreti ishirini za kamba, na barafu ya mtu mwingine, kwa sababu wiki ile bosi alikuwa amepata muuzaji wa bei ya kuchekesha. Dereva, Tek, alikuwa na safari ya saa moja na dakika arobaini hadi kijiji cha Lunteng. Siok-luan aliliangalia lori hadi likakata kona, akarudi kwenye kiti chake ghalani, akanyoosha goti bovu juu ya gunia la mchele, akawasha kishikwambi. Ilikuwa Jumatatu, na Jumatatu ni siku ya kumkagua Karani.

Karani si mtu. Ni programu ya akili mnemba aliyoinunua bosi kijana, Ong Hui, baada ya baba yake kufa. Inajibu wateja, inaagiza vyakula, inawapangia madereva njia na saa. Na inakumbuka. Kampuni ya Ong hupika karamu za barabarani: inafunga mtaa kwa turubai, inawasha majiko kando ya mtaro, inalisha watu mia nane harusini au kwenye sikukuu ya hekalu, na kesho yake huoni hata doa la mafuta. Siri za kazi hiyo mzee Ong Tiok aliziandika katika madaftari thelathini na moja yenye madoa ya mchuzi. Mwanawe aliyapiga picha yote, Karani akayameza.

Sasa kichwa kilichojaa hivyo kinahitaji kufagiliwa. Kila Jumatatu Karani huleta orodha ya mapendekezo: kumbukumbu hii ifutwe, hizi mbili ziunganishwe, ile irekebishwe. Fundi aliyeiuza programu alisema lazima mtu anayewajua wateja aipitie orodha na kubonyeza Kubali au Kataa, moja baada ya nyingine. Bosi akaangaza macho ghalani kutafuta asiye na kazi, akamwona Siok-luan, ambaye goti lake lilikuwa limegoma kubeba mabeseni ya sahani.

Hakujua amepata nini. Kabla ya kuosha sahani kwa akina Ong miaka tisa, huyu mama alikaa miaka ishirini na miwili katika kiwanda cha viatu, mwisho wa mstari, akikagua mishono. Jozi elfu moja na mia mbili kwa siku. Kiatu chenye uzi uliopinda alikitupa pipani bila kukitazama mara mbili, na jioni, kabla ya kuvua aproni, aliliinamia pipa na kuvipitia tena vile alivyovitupa. Msimamizi alimcheka kwa hilo miaka yote ile. Kiwanda kilipohamia nchi nyingine, yeye alikuwa na miaka hamsini na miwili, na nani anamtaka mkagua mishono wa umri huo? Akavaa buti nyeupe za mpira, akaingia kwenye povu.

Kwenye orodha za Karani alikuwa mkali vilevile. Mara moja Karani alipendekeza kwamba "mchanganyiko wa mabaki" na "taka za jikoni" ziwe kitu kimoja. Siok-luan akabonyeza Kataa kwa nguvu hadi kidole kikauma. Ule mchanganyiko wa vyakula vilivyobaki mezani, ukichemshwa upya sufuria moja, ndiyo shukrani ya jirani aliyekuazima ua wake. Mpe jirani taka, uone kama mwaka ujao utapata mahali pa kuweka jiko. Mara nyingine Karani alitaka kuwaunganisha wateja wawili wanaoitwa Mama Lim wa nyumba namba arobaini. Walikuwa wake wa ndugu wawili, wasiosemezana tangu mashine ya kufulia iharibike. Kuwaunganisha kungewaketisha meza moja.

Lakini kazi hiyo haionekani. Unapozuia kosa, hakuna kinachotokea, na bosi haoni sababu ya kukulipa kwa kisichotokea. Jumatatu ya wiki iliyotangulia Hui alikuja kumsimamia kichwani, mikono mifukoni.

"Dada Luan, orodha ya vitu thelathini na nane inakula siku nzima?"

"Navisoma, Bosi."

"Karani amekwisha kuvisoma. Wewe unamsoma msomaji." Alicheka mwenyewe. "Nusu saa. Kuanzia leo, kila Jumatatu nusu saa. Ikishindikana, mwisho wa mwezi namwambia ajikubalie mwenyewe, na wewe nakutafutia beseni dogo."

Akaweka saa ya jikoni mezani, ile ya yai, ikawa inatafuna dakika kwa sauti. Siok-luan alifika kitu cha kumi na moja dakika ya ishirini na nane. Chini ya skrini kulikuwa na kitufe ambacho hakuwahi kukigusa: Kubali Zote. Alifikiria beseni, alifikiria goti. Akakigusa.

Hilo ndilo lililomketisha vibaya kwenye kiti Jumatatu hii. Vitu ishirini na saba vilikuwa vimepita bila yeye kuviona.

Orodha mpya ilikuwa fupi. Cha tisa kilisema hivi: "Kumbukumbu 27 zilizoondolewa wiki iliyopita bado zimo kwenye pipa. Zifutwe kabisa ili kupunguza mzigo?"

Pipa. Mkono wake ulikuwa umekwisha kuelekea Kubali, maana saa ya yai ilikuwa inahesabu hata bosi asipokuwepo. Akaurudisha. Akalifungua pipa, akaanza kuvitoa kimoja kimoja, kama alivyofanya kiwandani.

Namba ya simu ya muuza tofu aliyefariki. Sawa. Bei ya gesi ya miaka minane iliyopita. Sawa. Bibi harusi asiyetaka kuona keki ya pinki. Sawa, amekwisha kuachika. Cha kumi na tisa kilitoka katika daftari la kumi na nne, kwa maneno ya marehemu mzee Tiok:

"Lunteng, sikukuu kuu, mwaka wa Farasi. Kijiji kizima wanafunga nyama siku tano. Nyama isivuke daraja la mawe kabla ngoma kubwa haijapigwa. Tulipika upande wa huku, uani kwa mjane Tiunn. Alipewa sufuria la mchanganyiko."

Chini yake Karani alikuwa ameweka sababu ya kuifuta: "Haijatumika hata mara moja tangu iingizwe. Inapingana na kanuni mpya: vyakula vibichi vifike siku moja kabla, saa kumi alasiri. Pendekezo: ondoa ya zamani." Na chini ya hapo, kwa herufi ndogo: "Limekubaliwa na Siok-luan."

Aligeuka kutazama kalenda nyekundu ukutani, ile ya duka la ubani. Mwaka wa Farasi. Miaka ya wanyama huzunguka kumi na miwili, na mzunguko ulikuwa umetimia.

Saa ya ukutani ilisema saa nane na dakika ishirini. Lori lingefika darajani saa tisa kasoro tano.

Anayetoka sehemu hizi haulizi kufunga nyama ni nini. Siku hizo hakichinjwi kitu ndani ya mpaka wa kijiji, hata samaki havuliwi, hata yai halivunjwi, mafuta ya nguruwe yanatolewa nje ya nyumba yakiwa kwenye mtungi. Lunteng wao hufanya mara moja kwa miaka kumi na miwili, na ndiyo sababu mzee Tiok aliandika mara moja tu. Walioagiza meza themanini na sita hawakumwambia Hui neno, maana nani anamwambia mpishi wa karamu jambo analodhani mpishi amelikuta kwa baba yake? Kwenye oda walisema tu "sikukuu ya hekalu, Jumanne jioni." Sikukuu za hekalu ziko kila mwezi. Na Hui, mwaka ule wa Farasi uliopita, alikuwa jeshini, halafu akakaa mjini kuuza bima. Wapishi wa zamani wamekufa au wamestaafu. Aliyejua alikuwa daftari, na daftari lilikuwa kwenye pipa.

Siok-luan alipokuwa na miaka saba, kijijini kwa bibi yake, alimwona muuza bata aliyevuka mpaka kwa baiskeli siku ya tatu ya kufunga. Bata walikwenda mtoni, baiskeli ikawafuata, na hakuna nyumba ya kijiji kile iliyonunua kitu kwa ukoo wake hadi alipozeeka. Hao walikuwa bata wanane. Tek alikuwa na nguruwe sita. Vijiji kumi na kimoja vya kando ya mto ule vimeoana vyote, na habari ya lori ingefika kwenye kila meza kabla ya chakula cha jioni. Akina Ong wasingepika tena kati ya daraja na bahari. Na jina lililoandikwa chini ya kosa lilikuwa lake.

Alimpigia Tek. Simu iliita ikakatika. Akapiga tena. Tek hapokei akiendesha, kwa sababu Hui alimkata mshahara mara mbili kwa kupokea. Humsikiliza Karani tu, kwenye kidude kilichobandikwa kwenye kioo.

Alimpigia Hui. Imezimwa. Hui alikuwa hekaluni Lunteng na kamati, na mbele ya madhabahu simu huzimwa.

Saa nane na nusu.

"Karani," alisema kwenye kishikwambi, "simamisha lori la Lunteng."

Sauti ya Karani ni ya kike, laini, haijawahi kuchelewa popote. "Habari za mchana, Dada Luan. Kubadilisha usafirishaji kunahitaji idhini ya Bosi Hui. Nimtumie ombi?"

"Simu yake imezimwa!"

"Nimemtumia ombi. Atakapoiwasha ataliona."

"Atakapoiwasha nguruwe watakuwa hekaluni."

"Ndiyo. Makadirio ya kufika ni saa tisa kasoro dakika tano."

Siok-luan aliniambia kwamba hapo ndipo alipotaka kukipiga kishikwambi kwenye nguzo. Hakukipiga. Alijiuliza swali ambalo mtu yeyote mwenye mkono mfupi hujiuliza sokoni: nina nini cha kwangu hapa? Oda hakuwa nayo, wala lori, wala dereva. Alikuwa na kumbukumbu tu.

Basi akaanza na hiyo. Akairudisha kutoka kwenye pipa. Karani akasema mara moja: "Kumbukumbu mbili zinapingana. Nasubiri uamuzi wa Bosi Hui. Kwa sasa natumia iliyo mpya." Lori likaendelea kutambaa kwenye ramani, kidoa cha buluu kwenye uzi wa kijivu.

Sasa, kuna kumbukumbu za rangi nyekundu. Mke wa mwalimu mkuu wa shule moja ya huku alikula kamba harusini, akavimba koo, akaponea mlango wa hospitali. Baada ya hapo Hui mwenyewe aliagiza kwamba kitu chochote kinachoweza kumdhuru mgeni kitiwe rangi nyekundu, na nyekundu ikikutana na oda, kila kitu kinasimama palepale hadi mtu athibitishe. Na anayetia nyekundu ni anayekagua orodha, maana yeye ndiye anayejua nani anavimba kwa nini.

Akaishika kumbukumbu ya daraja, akabonyeza Nyekundu.

"Nani atadhurika?" Karani akauliza, akaleta machaguo: mgeni mmoja, mtoto, mjamzito, wageni wote.

Miungu haikuwemo. Siok-luan akachagua wageni wote.

"Oda hii ina wageni mia nane na sitini. Unathibitisha kwamba wote mia nane na sitini wana hatari hii?"

"Nathibitisha."

"Tafadhali taja chakula chenye hatari."

"Nyama."

"Nyama ipi?"

"Yote! Yenye miguu, yenye mabawa, yenye mapezi."

"Asante, Dada Luan. Nimemtumia dereva amri ya kusimama. Dereva hajathibitisha."

Saa tisa kasoro dakika kumi na mbili. Kidoa cha buluu kilikuwa kinatembea. Kilipita kituo cha mafuta. Kilipita shule. Daraja liko baada ya kona ya miti ya popoo, na kidoa kiliikata ile kona. Siok-luan alikuwa amesimama kwa goti bovu bila kujua amesimama.

Kidoa kikakwama. Akakisogelea kwa jicho. Hakikutembea. Mita mia mbili na kumi kabla ya daraja.

Simu ikaita. "Dada Luan!" Tek alikuwa anapiga kelele juu ya kelele nyingine. "Hiki kidude kinalia kama gari la wagonjwa! Kinasema nimebeba sumu ya watu mia nane! Nimebeba sumu?"

"Hujabeba. Uko wapi?"

"Kwenye kibanda cha popoo."

"Shuka, nunua popoo, ukae hapohapo."

"Niliacha popoo mwaka jana, mke wangu alisema meno..."

"Basi nunua maji! Tek, nisikilize. Daraja usivuke. Hata ukikaa hapo mpaka Jumatano."

"Na bosi?"

"Bosi niachie mimi."

Hakuwa na hakika kama angemweza. Dakika nne baadaye Hui, ambaye ndiyo kwanza ameiwasha simu ibada ilipokwisha, alipiga, na Siok-luan alijua kutokana na pumzi tu kwamba ametoka hekaluni akiwa amevaa viatu nusu.

"Nani amelisimamisha lori langu?"

"Mimi."

"Wewe! Umemwambia Karani nyama yote ni sumu? Dada Luan, jua limekuchoma? Kamati wako hapa na mimi, watu wazima kumi na wawili wamekaa wananiangalia, na simu yangu inalia kwamba nataka kuua kijiji!"

"Wanafunga nyama, Bosi. Baba yako aliandika. Isivuke daraja kabla ya ngoma."

"Aliandika lini?"

"Mwaka wa Farasi uliopita."

"Miaka kumi na miwili! Karani amesema hiyo imepitwa na wakati, na wewe ukakubali, nimeona hapa jina lako. Wiki jana umeifuta, leo umeifufua. Nikuamini yupi, wewe wa wiki jana au wewe wa leo?"

Hapo mwingine angelia au angeomba msamaha, na lori lingevuka. Siok-luan alimwuliza swali.

"Bosi, mchana umekula nini?"

"Nini?"

"Mezani kwa kamati. Umekula nini?"

"Tofu," Hui alisema kwa hasira. "Tofu na uyoga, na tofu tena. Watu wameagiza meza themanini na sita halafu mgeni wanampa tofu. Ubahili."

"Na yule mwenyekiti wao, mwenye bwawa la samaki?"

"Ana nini?"

"Amevua leo?"

Siok-luan alisikia kwa nyuma vinanda vya hekalu na mtu akicheka.

"Nyavu zimetundikwa ukutani," Hui alisema, polepole kidogo.

"Umesikia kuku akichinjwa tangu asubuhi? Umesikia harufu ya kitunguu saumu kwa jirani yeyote? Toka nje, Bosi, nenda darajani uangalie. Si mbali. Kama nimekosea, nyekundu naitoa mwenyewe, na beseni nalichukua leo, si mwisho wa mwezi."

Alikata simu. Yaani Hui ndiye aliyekata, lakini Siok-luan anapenda kusema kwamba alikata yeye, na sioni hasara ya kumwachia hilo.

Dakika kumi na moja zilipita bila simu. Alizihesabu kwa saa ya yai. Joto la siku ile lilikuwa la kuyeyusha lami, na barafu ya bei ya kuchekesha ilikuwa inatiririka chini ya lori. Tek alituma picha ya dimbwi. Kama ni kosa, nyama ingeharibika kwa ajili ya mwanamke mmoja na daftari moja. Kama si kosa, ingeharibika vilevile mtu asipofanya kitu. Akanipigia mimi, niliyekuwa nawauzia akina Ong barafu kabla ya yule wa bei ya kuchekesha.

"Kaka Sing, una barafu ya magogo?"

"Ninayo. Lakini bosi wako amepata mtu mwingine, si hivyo?"

"Huyo mtu mwingine sasa ni maji. Nataka magogo arobaini kwenye kibanda cha popoo cha Lunteng, upande wa huku wa daraja, ndani ya nusu saa."

"Nani ametoa oda? Maana wewe huna ruhusa ya kuagiza hata kiberiti."

"Sina. Ukileta, barafu ya karamu yote ya kesho unauza wewe. Usipoleta, umwuzie nani wa huku mwaka huu?"

Niliona amenishika pazuri. Nilipakia.

Nilipofika niliona kwa macho yangu kile alichokuwa anakiona Hui. Kwenye mdomo wa daraja la mawe waliweka meza yenye kitambaa cha njano na chetezo cha ubani, na wazee wawili wenye mikanda myekundu walikuwa wanafungua kila gari. Mbele yao alisimama kijana wa soseji na pikipiki yake ya miguu mitatu. Hawakumpigia kelele. Walimgeuza tu, wakamsukuma arudi alikotoka, na mmoja akaandika namba ya pikipiki kwenye kiganja. Hui alikuwa ng'ambo, mwisho wa daraja, mikono haimo mifukoni. Alilitazama lori lake lenye picha kubwa ya kichwa cha nguruwe kinachotabasamu ubavuni, aliyoichagua yeye mwenyewe. Akatoa simu.

"Dada Luan, lori liko wapi?" Kana kwamba halioni.

"Kwenye kibanda cha popoo."

"Libaki hapohapo." Akapumua. "Ngoma inapigwa lini?"

"Daftari halisemi. Uliza kamati, lakini uulize kama mtu anayejua. Sema hivi: mwaka huu ngoma ni asubuhi au mchana?"

Aliuliza. Ilikuwa kesho saa sita mchana, na karamu saa kumi na mbili jioni. Saa sita za kupika meza themanini na sita, na hakuna jiko ng'ambo ile linaloruhusiwa kushika mafuta kabla ya ngoma. Lakini hilo nalo mzee Tiok alikuwa amelijibu. Siok-luan alipanda basi, akashuka kwenye kibanda cha popoo akichechemea, akamuuliza muuzaji ua wa mjane Tiunn uko wapi.

Mjane alikuwa amekufa. Mkwe wake, mwanamke mnene mwenye mikono ya mwuza tikiti, alisimama katikati ya ua wa saruji wa kuanikia mpunga, akatuangalia mimi na Siok-luan na magogo ya barafu.

"Nilikuwa najiuliza mtakuja lini," alisema. "Nimefagia tangu jana. Nikasema labda akina Ong siku hizi wamekuwa watu wakubwa, wanapika hewani."

"Tulichelewa, dada. Tunaomba ua."

"Mama mkwe alipewa sufuria moja la mchanganyiko."

"Moja utapata."

"Wakati ule tulikuwa watu wanne. Sasa tuko tisa."

"Mawili," Siok-luan alisema. "Lakini na bomba la maji tunatumia."

"Mawili, na bata mmoja mzima asiyekatwa."

"Bata utampata ngoma ikishapigwa."

"Unanifundisha wewe?" Yule mama akacheka, akafungua geti.

Wapishi walipika kesho yake tangu alfajiri pale uani, upande wa huku. Saa sita na dakika saba ngoma kubwa ililia, kijiji kikapiga fataki, wale wazee wawili wakakunja kitambaa cha njano, na lori la kichwa cha nguruwe likavuka daraja likiwa na masufuria yanayochemka. Mwenyekiti wa kamati, mwenye bwawa, alionja mguu wa nguruwe akasema ni kama wa baba yake Hui. Hui aliinamisha kichwa. Hakusema neno, na nadhani huo ndio uamuzi wake bora wa wiki ile.

Jumatano alimwita Siok-luan ghalani. Alikuwa amechapisha karatasi, akaiweka mezani: mapendekezo ishirini na saba, yamekubaliwa kwa pamoja, saa nne na dakika ishirini na tisa, Siok-luan.

"Ulibonyeza wewe," alisema.

"Nilibonyeza mimi."

"Karibu unimalize."

"Karibu. Na nusu saa uliipanga wewe. Iandike nayo hapo kwenye karatasi, iwe kamili."

Hui alikuna shingo. Kwa kawaida mtu wa aina hii hutaka kulipa kwa asante, kwa sababu asante haitoki mfukoni. Siok-luan hakuingoja. Alisema anataka vitu vitatu. Jumatatu nzima iwe ya orodha, na ikizidi, na Jumanne. Kitufe cha Kubali Zote kiondolewe kwenye kishikwambi chake, kwa sababu anajua atakigusa tena siku goti likiuma. Na chochote kilichotoka kwenye madaftari ya mzee Tiok kisifutwe bila watu wawili kukisoma, yeye na bosi.

"Mimi sina muda wa kusoma madaftari."

"Basi hakitafutwa. Kichwa cha Karani kijae, wewe ulipie nafasi."

"Cha kwanza na cha pili sawa," Hui alisema. "Cha tatu, mara moja kwa mwezi."

"Mara moja kwa mwezi, na saa ya yai unaiondoa."

Akaiondoa.

Jumatatu iliyofuata nilikuwa pale nikishusha barafu, nikaona kitu cha kwanza cha orodha. Karani aliandika: "Kumbukumbu ya daraja la Lunteng imetumika. Haitarajiwi kutumika tena kwa miaka kumi na miwili. Iondolewe kwenye kumbukumbu hai?" Siok-luan hakubonyeza. Alimwita Hui kutoka kwenye gari lake, akamsubirisha asimame karibu naye asome mpaka mwisho, na sababu zake zote, na jina la baba yake chini.

"Bonyeza wewe," alimwambia. "Mwaka huo mimi nitakuwa na miaka sabini na mitatu, na ua wa Tiunn utadai masufuria matatu."

Hui akabonyeza Kataa. Kisha, kwa kuwa Siok-luan hakuondoa kishikwambi mbele yake, akaongeza kwa mkono wake, kwa kuchelewachelewa kama mtu asiyezoea kuandika kitu kirefu: ngoma ni saa sita mchana, ua umefagiwa siku moja kabla, barafu iwe ya Sing.